Mpigie ndugu yako mwenyewe

Kwa miaka 3 mimi na kaka yangu tulizungumza kupitia kwa mama. Mimi niko Dar es Salaam, yeye yuko Tanga, na salio kwenye simu tulikuwa nalo wote wawili. Nilikuwa namwambia mama, "Muulize kaka hati ya nyumba iko wapi." Kaka anamjibu mama, "Mwambie aje aitafute." Mama alikuwa anayalainisha maneno kabla ya kuyafikisha, nasi tulijua kwamba anayalainisha. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa akipokea salamu, kisha anaongeza mwenyewe ule ukali anaodhani mama ameuficha. Ugomvi wetu ulikomalia hapo.

Ulianza na nyumba ya baba. Tumezaliwa wawili tu. Baba alipofariki tulikaa kikao cha familia, tukampendekeza kaka awe msimamizi wa mirathi, muhtasari ukaandikwa, tukatia saini, ukapelekwa mahakama ya mwanzo. Tulimchagua kwa kuwa ndiye mkubwa na anaishi palepale. Mafungu hayakuwa na mjadala, sisi ni Waislamu: mama thumuni, yaani moja ya nane, kinachobaki mimi binti fungu moja na yeye mawili. Lakini kazi ya msimamizi hatukukaa kuelezana. Yeye akajiona amekabidhiwa nyumba, mimi nikajiona nimedhulumiwa. Vyumba vya uani vina wapangaji, kodi inaingia kila mwezi, na mwaka mzima sikuambiwa imefika ngapi. Kumbe ilikuwa inanunua dawa za mama za presha, na mabati ya upande uliokuwa ukivuja. Sikuuliza. Nilipiga hesabu kichwani peke yangu, na hesabu ya namna hiyo siku zote inamkuta mwenzako na makosa.

Kwa hiyo nawasihi mliofiwa na mzazi: msimamizi wa mirathi hamiliki mali, anaisimamia kwa niaba ya warithi. Kwa mirathi iliyofunguliwa mahakama ya mwanzo hapa Tanzania, anatakiwa ndani ya miezi 4 awasilishe taarifa kamili ya mali na madeni ya marehemu, na baadaye hesabu za usimamizi wake. Lisemeni hilo siku ileile ya kikao, mbele ya wote, wakati bado mnalia pamoja. Nunueni daftari moja. Kila shilingi inayoingia na kutoka iandikwe humo, na daftari likae mahali ambapo kila mrithi anaweza kulifungua bila kuomba ruhusa. Nakwambia haya kwa uchungu, kwa sababu daftari la shilingi elfu moja lingetuokolea miaka mitatu.

Kilichotupatanisha hakikuwa kikao. Wajomba walijaribu mara mbili, tukaitikia "sawa mjomba", tukatawanyika vilevile tulivyokuja.

Jioni moja baada ya isha simu ikaita, nikaona jina la kaka. Nikajua mama ana tatizo. Nikapokea, "Shikamoo kaka." Akaitikia, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mdogo wangu, yule fundi baiskeli wa Ngamiani, zile bagia alitulipa?"

Niwaeleze. Tulipokuwa wadogo mama alikuwa anakaanga bagia za kunde, sisi tunauza. Kaka anaendesha baiskeli ya baba, mimi nimekaa kwenye keria na ndoo mapajani. Mwenye hesabu ni mimi, kwa sababu yeye akirembuliwa macho tu anaongeza mbili za bure. Fundi yule alikuwa anachukua kwa mkopo kila siku, na mwisho alihama kibanda akiwa na deni la bagia 22. Nililia siku ile, kaka akanibeba mgongoni hadi nyumbani huku akiisukuma baiskeli, akamwambia mama kuwa zilimwagika kwa kosa lake yeye.

"Hakulipa," nikamwambia. "Ishirini na mbili."

"Amefariki. Nimetoka kumzika. Pale makaburini wameuliza nani anamdai. Mimi nimesamehe, lakini nusu ni yako."

Nilikaa chini. Mji mzima wa Tanga, watu wote waliokuwa pale makaburini, hakuna ambaye angeelewa jambo lile isipokuwa mimi, na yeye alilijua hilo. Nikasema nimesamehe. Tukazungumza zaidi ya saa nzima, na nyumba haikutajwa. Ilitajwa wiki tatu baadaye, na ilipotajwa ilikuwa imeshakuwa ndogo.

Bibi yetu alikuwa na ngano moja ambayo naamini wengi mmeisikia kwa namna fulani. Wasichana wanakwenda safari, mdogo wao mwenye vidonda anawafuata, wanamfukuza kwa mawe, yeye anafuata tu kwa mbali. Usiku wanalala nyumba ya zimwi bila kujua, na ni yule mwenye vidonda anayebaki macho akisikia kisu kikinolewa. Utotoni nilimpenda kwa ushujaa wake. Siku hizi nawaza zaidi kile kitendo cha kufuata, hatua kwa hatua, nyuma ya watu wanaokurushia mawe.

Na kuna Ilyas na Afiya, kaka na dada katika riwaya ya Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2020. Ilyas anamkuta mdogo wake akitumikishwa kwa watu, anamchukua, anamfundisha kusoma na kuandika. Kisha vita ya 1914 inakuja, anajiunga na jeshi la Wajerumani na kumrudisha kulekule. Binti anapigwa hadi mkono unavunjika, kosa lake ni kujua kuandika. Kikaratasi anachokiandika kuomba msaada ndicho kinachomwokoa. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa muda. Kaka hayupo, lakini alichompa kipo. Na bado Afiya anakaa miaka na miaka akisubiri habari zake, na namwonea huruma zaidi kwa kule kusubiri kuliko kwa ule mkono. Mimi yangu ilikuwa simu moja tu.

Sasa nafanya hivi. Ijumaa jioni nampigia bila shida yoyote, hata dakika tano. Mama tumemstaafisha kazi ya kupeleka maneno. Fedha hatuzizungumzi kwenye kundi la familia la WhatsApp, kwa sababu mbele ya watu kila mtu anatetea heshima yake. Na mume wangu simwambii tena kila kosa la kaka. Nilifanya hivyo miaka ile, kisha sisi tukapatana na yeye akabaki na kinyongo nilichompandikiza mwenyewe. Ilinichukua muda mrefu kukiondoa.

Simlazimishi aliyepigwa, aliyenyanyaswa au aliyeibiwa na ndugu yake arudi kwake eti kwa kuwa ni damu moja. Kaa mbali, salama. Nasema na sisi wengine, tulionyamaziana kwa mambo ambayo daftari lingeyamaliza. Ukipiga, usianzie kwenye nyumba. Anzia kwenye jambo ambalo ni ninyi tu mnaolijua.

Waswahili wa zamani walikuwa na neno "umbu": ndugu wa kiume kwa mwanamke, na wa kike kwa mwanamume. Kaka kwangu ni umbu, nami kwake ni umbu, jina moja kwa wote wawili. Nalipenda sana, na natamani lingerudi midomoni.

Daftari letu liko juu ya kabati la mama. Kurasa za mwanzo ni mwandiko wa kaka, zinazofuata zimechanganyika na wangu, kila ninapokwenda Tanga. Kwenye safu ya madeni, kabla ya kodi na mabati, ameandika: fundi baiskeli, bagia 22, tumesamehe.