Umeshinda Kesi, Kiwanja Bado Chake

Msomaji mmoja wa Singida kaniandikia: "Dada, nimemshinda mdaiwa wangu mahakamani. Nyumba yake si imeshikwa tayari?"

Haijashikwa hata tofali, mdogo wangu. Huenda umesoma mambo ya Marekani. Kule, kwenye majimbo mengi, hukumu ikishasajiliwa kwenye kaunti ilipo ardhi ya mdaiwa, deni linaganda kwenye ardhi hiyo. Kwetu lazima uombe mahakama ikazie hukumu, ndipo mali ikamatwe.

Mimi nilimdai mfanyabiashara mwenzangu hela ya mahindi ya Kibaigwa. Kesi siisimulii, ilikuwa tarehe juu ya tarehe. Nikashinda. Jamaa akapita dukani kwangu na gari jipya, akanipigia honi. Ile honi sijaisamehe.

Watu wakanishauri nikamate nyumba yake ya Nkuhungu. Nikakataa. Sheria ya Mwenendo wa Madai inailinda nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Nikachimba mpaka nikapata namba ya kiwanja na kitalu huko Nala, nikafanya upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za umiliki, kwa Msajili wa Hati: jina lake, hakina rehani. Hapo nikamkaba: nikaomba mahakama ikikamate.

Amri ikatoka: asiuze, asihamishe, asiweke rehani. Dalali wa mahakama akaja na mwenyekiti wa mtaa, wakaigongomea nakala kwenye nguzo ya mpaka, upepo unaivuta, mwenyekiti anaisoma kwa sauti mbele ya watoto wa jirani na mbuzi wao. Nakala nyingine ikabandikwa mahakamani. Ya Msajili niliipeleka mwenyewe. Hiyo usimwachie mtu.

Kumbe jamaa alishaanza kutembeza kiwanja kwa madalali. Akiuza baada ya kukamatwa, mauzo hayo ni batili mbele ya dai lako. Akiwahi kuuza kabla, shauri yako.

Mnada wa ardhi husubiri siku 30 tangu tangazo libandikwe, labda mdaiwa akubali kwa maandishi uwahi. Hazikuisha, akalipa na gharama zote. Pole hakunipa.

Sasa nyie mnaoshinda kesi mkapika pilau, mnamfurahisha nani? Fanya upekuzi. Kabla ya kukopesha, upekuzi. Ukishinda, upekuzi tena. Miaka 12 ambayo sheria inakupa kukazia hukumu isikuleweshe. Na ukikuta hati ina jina la mke au kaka yake, tarajia pingamizi. Mwone wakili kabla hujamlipa dalali wa mahakama hata shilingi.