Accuracy na precision: mizani ya kahawa inaeleza

Mdogo wangu, umeuliza tofauti ya accuracy na precision, maana kamusi inakupa "usahihi" kwa yote mawili. Usiilaumu kamusi, sisi wenyewe mtaani hatuzitenganishi.

Nenda kwa wanunuzi wa kahawa hapo Moshi. Weka jiwe la kilo 20 kwenye mizani mara tano. Ikisoma 19.2, 19.2, 19.3, 19.2, 19.2, hiyo ina precision: majibu yanashikana. Accuracy, yaani ukaribu na thamani halisi, haina: inamla mkulima karibu gramu 800 kila mara (na yeye anashukuru na kuondoka!). Nyingine inasoma 19.5, 20.6, 20.1, 19.4, 20.4. Wastani ni 20 kamili, ila precision haina: kila kipimo ni bahati nasibu. Mimi ningechukua ya kwanza. Kosa lisilobadilika fundi hulirekebisha. Na desimali tatu kwenye skrini si ushahidi wa lolote.

Angalizo la mtihani: kiwango cha kimataifa cha vipimo, ISO 5725 cha 1994, kinahesabu precision kuwa sehemu ya accuracy, na ule ukaribu wa wastani na thamani halisi kinauita trueness. Muulize mwalimu anafuata maana ipi.