Msaliti wa nani? Jibu la mwalimu wa judo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mwanamichezo anayeitoroka timu ya taifa akiwa ugenini, ni msaliti au si msaliti? Najua wengi watajibu "ndiyo" kabla hata ya kumaliza kusoma swali. Mimi nafundisha watoto judo hapa Unguja na swali lenu limenichoma, kwa hiyo sitajibu kwa jumla. Nitajibu kwa mtu mmoja, Popole Misenga.

Popole ni mchezaji wa judo, alizaliwa Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), mwaka 1992. Vita vilimuulia mama yake angali mdogo, akakimbilia msituni, akatangatanga siku kadhaa hadi akaokotwa na kupelekwa Kinshasa. Judo aliijulia huko, kwenye kituo cha watoto. Akapanda hadi timu ya taifa, na Agosti 2013 akapelekwa Rio de Janeiro kwenye mashindano ya dunia. Hakurudi. Yeye na mwenzake Yolande Mabika, naye wa Bukavu, walitoka hotelini wakaingia mtaani bila karatasi wala lugha. Wao wenyewe walieleza kwamba wakubwa wa msafara walizuia pasipoti na fedha za chakula, wachezaji wakashinda na njaa. Na kwamba kule nyumbani aliyeshindwa pambano alifungiwa ndani siku kadhaa. Anayewaita hawa wasaliti anieleze kwanza kiapo kilikuwa kipi na nani alianza kukivunja.

Lakini mimi ningeuliza jingine: miaka ya mchezaji ni ya nani? Judo ina umri wake. Miaka ishirini na moja ndiyo kwanza mwili umekomaa, na nafasi ya kimataifa inatafutwa kwa kusafiri, mashindano haya na yale, pointi juu ya pointi. Popole umri huo aliutumia kubeba mizigo kwa kibarua, akiishi na Waafrika wenzake pembezoni mwa Rio. Hadhi ya ukimbizi aliipata 2014. Mazoezini alirudi 2015, alipopokelewa na Instituto Reação, taasisi iliyoanzishwa na Flávio Canto, mshindi wa shaba ya Olimpiki ya Athens 2004. Mwalimu wake akawa Geraldo Bernardes, yule yule aliyemlea Rafaela Silva wa Cidade de Deus, mtaa wa makabwela wa Rio, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya Rio 2016. Inasimuliwa kwamba mwanzoni Popole aliwaumiza wenzake mazoezini. Alizoea kwamba kuanguka ni kuadhibiwa. Sisi walimu hilo tunalijua. Mtoto anayepigwa nyumbani utamjua anavyoikamata kola ya mwenzake.

Tarehe 10 Agosti 2016 nilikuwa dukani kwa jirani yangu, mama wa Bukavu anayeuza vitenge Mwanakwerekwe. Judo haijui hata chembe. Alichojua ni kwamba kuna mtoto wa kwao katika timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio, ile ya watu kumi, ambayo nusu yake walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya, na kufanya mazoezi Ngong chini ya Tegla Loroupe, mwanariadha wa Kenya. Kwetu ilikuwa jioni, saa kumi na kitu. Rio bado asubuhi. Simu yangu tumeiegemeza kwenye bunda la vitenge, bando langu, kelele zake. Mpinzani alikuwa Avtar Singh wa India, na ukumbi mzima wa Wabrazil unaita "Popole! Popole!" Mama akaniuliza, "Mwalimu, atamupiga saa ngapi?" Nikamwambia judo haina ngumi. "Sasa amemushika nguo ya nini?"

Basi nikaanza somo. Anatafuta kumtoa mwenzake kwenye mizani. Akimtupa chali kwa nguvu na kasi, hiyo ni iponi, mchezo umekwisha. Ikipungua kidogo ni wazari. Akiangukia ubavu tu ni yuko, alama ndogo kuliko zote. Mama akasema hizo ni sheria za watu wenye nafasi. Pambano la wanaume siku zile lilikuwa dakika tano, siku hizi ni nne, na yeye dakika zote alikuwa kakamata ncha ya kitenge cha bei ghali anaisokota. Mteja akaja kuuliza bei, akaambiwa asubiri. Akasubiri, akaishia kutazama na sisi, kisha naye akataka aelezwe sheria. Nikaeleza upya, tangu iponi. Picha inakatika, inarudi, inakatika. Mteja akauliza kama yule Mhindi ni mkimbizi pia. Nikasema hapana, yule ana nchi. "Basi kwa nini hawamshangilii?" Nikamwambia tazama tu, bibi.

Iliporudi picha, Popole alikuwa na yuko moja. Moja tu, na ikamtosha hadi mwisho. Alama hiyo shirikisho la kimataifa liliifuta mwaka uliofuata, likaja kuirudisha 2025. Mimi sikupenda ilipofutwa na sababu yangu ni siku ile. Mwamuzi alipompa Popole ushindi, mama alipiga vigelegele mpaka wenye maduka ya jirani wakaja kuuliza harusi ya nani. Sikuwa na moyo wa kumwambia ni raundi yake ya kwanza tu.

Baadaye Popole akakutana na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa 2015. Nikamtahadharisha mama kwamba hili litakwisha haraka. Popole alisimama naye karibu dakika nne kabla ya kushindwa. Mama akaniuliza, bila kuondoa macho kwenye simu, "Sasa watamufungia tena?" Nikamjibu kwamba huyu sasa hana wa kumfungia. Yule mteja alinunua kitenge, na kwa bei nzuri.

Popole aliitwa tena kwenye timu ya wakimbizi Tokyo, 2021, akatolewa pambano la kwanza na Krisztián Tóth wa Hungaria. Gwak alipata shaba Rio, Tóth akapata shaba Tokyo, kwa hiyo waliomtoa si watu wa kubahatisha. Hayo ndiyo mapambano yake ya mtu mmoja mmoja kwenye Olimpiki: matatu, ushindi mmoja.

Hapa ndipo hoja yangu inaponikwaza. Yolande siku ile ile alishindwa mapema na Linda Bolder wa Israeli, na Olimpiki yake ikaishia hapo. Nikimtetea Popole kwa vigelegele vya Mwanakwerekwe, Yolande nimtetee kwa nini? Walitoroka kwa sababu zile zile, wakalala na njaa ile ile. Saeid Mollaei wa Iran, aliyekataa kurudi kwao 2019 baada ya kuamriwa apoteze pambano asije akakutana na Mwisraeli, alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia. Mongolia ikampa uraia, akaipatia fedha Tokyo, na neno usaliti huku kwetu halikusikika. Tunawasamehe wenye medali.

Na wanaorudi je? Andrew Thomas Mlugu wetu alikwenda Rio hiyo hiyo, akarudi, na 2024 akatuwakilisha tena Paris. Kuhusu mtu kama huyo hakuna gazeti linalouliza swali la wiki. Tena wanaorudi ndio wanaolipa. Miaka ya nyuma vijana wetu wawili walinyimwa viza na ubalozi mmoja, mashindano ya vijana yakawapita. Dirishani waliulizwa habari za mchezaji wa mchezo mwingine kabisa, aliyetoroka wakati wao wako darasa la pili. Mmoja aliacha judo, sasa anaendesha bodaboda. Nilipokuwa naandika aya ya Bukavu sikumkumbuka huyu kijana. Nimemkumbuka sasa, na nimepoa kidogo.

Mnataka ndiyo au hapana. Popole si msaliti, wala Yolande. Ila nikisafiri na timu, pasipoti zote nazishika mimi, kwenye mkoba wa kifuani, na fedha za chakula nawapa wenyewe kila asubuhi. Kwa hiyo na wale wakubwa wa msafara tunafanana nusu, na sitaibadilisha nusu hiyo. Kijana wangu akinitoroka ugenini nitamwita msaliti, na nitawaambia wazazi wake hivyo hivyo. Akithibitisha kwamba alikuwa na njaa au alitishwa, nitalifuta neno hilo mbele ya wazazi wale wale. Akisema alifuata mshahara tu, basi nitataka nijue kwanza ni mshahara kiasi gani, na hapa tulikuwa tukimlipa nini.