Viganja vinalowa, macho yanafanya kiza

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi wa majahazi, Matondoni. Nikichuchumaa muda mrefu nikitia kalafati, kisha nikainuka, macho yanafanya kiza. Na mwenye chombo akija kukagua, viganja vinalowa hata nyundo inateleza, ila kizunguzungu sina. Kijana wa chuo aniambia yote ni neva za simpathetiki, neva za hofu. Kama ni zile zile, mbona zinafanya kazi nusunusu?

JIBU: Marahaba, fundi. Kijana amekupa nusu ya habari. Neva hizo haziamki zote kwa pamoja. Kila kundi lina kiungo chake na bwana wake.

Ukiinuka, nusu lita ya damu au zaidi huteremkia miguuni na tumboni. Vihisio vya shingoni vinaona presha imeshuka, ubongo unapata habari, na neva za mishipa ya damu ya misuli zinazidisha kazi ya kuikaza mishipa hiyo ili presha ipande. Neva hizi hutuma ujumbe kwa mafungu yanayoandamana na mapigo ya moyo. Ukiwa umetulia, mapigo mengi ya moyo hupita neva zikiwa kimya. Sasa, ujumbe wao huenda kama mita 1 kwa sekunde, mwendo wa punda mwenye mzigo, na mshipa nao huchukua sekunde kadhaa kukaza. Wewe umeshasimama! Ndiyo maana ya kiza.

Neva za jasho la viganjani hazijali presha. Zinaitikia mshtuko, wasiwasi, na mwenye chombo. Moyo ukipiga, hazifuati.

Haya si ya kubuni. Karl-Erik Hagbarth na Åke Vallbo, wa Uppsala, Uswidi, walijichoma sindano nyembamba katika neva zao wenyewe miaka ya 1960, wakasikiliza ujumbe unaopita humo. Mimi sindano ya kawaida tu naigeuzia uso.

Kabla ya kusimama, kaza mapaja na ukunje vidole vya miguu mara kadhaa, kisha inuka polepole ukishika ubao. Jua la kaskazi likiwaka, kunywa maji. Lakini kama unameza dawa za presha, una kisukari, au umewahi kuanguka, nenda hospitali upimwe presha ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama. Kisukari cha miaka mingi huziharibu neva hizi.

Viganja havihitaji dawa. Pangusa kwa kikoi kabla hujashika nyundo.