Hela za walemavu: mbona mwanangu hapati?

SWALI: Dada, hujambo? Niko Busia ya Uganda, nauza nyanya. Kijana wangu ana miaka 9, ana mtindio wa ubongo, hatembei, namfunga mgongoni kama bado mchanga na sasa kiuno kimenimaliza. Kuna jamaa anataka elfu 50 eti aniandikishe niwe napokea hela za walemavu kila mwezi. Nimpe? Halafu shule ya hapa jirani wamemkataa. – Mama Brayo

JIBU: Mama Brayo, usimpe hata mia. Hela ya kila mwezi ya mtoto mlemavu hapa Uganda haipo, huyo anataka kukula tu. Zile elfu 25 za mwezi unazosikia ni za SAGE, mpango wa serikali wa wazee wa miaka 80 kwenda juu, sasa kama una bibi wa umri huo hapo nyumbani angalia kitambulisho chake cha taifa kinasema amezaliwa mwaka gani.

Ya walemavu ni ruzuku ya wizara ya Jinsia, inapewa kikundi, mpaka milioni 5 za mradi, na wazazi wa watoto wenye ulemavu mkubwa mnaingia. Hapo mimi huwa nachemka, mama anatoka na mtoto wa miaka 9 mgongoni halafu anaambiwa akatafute wenzake, waandike katiba, wachague mweka hazina, wafungue akaunti, haya. Ila mlango ndio huo. Anza na CDO, ofisa wa maendeleo ya jamii wa gombolola yenu, ile ngazi ya chini ya wilaya, na madiwani wa walemavu, wako wawili, mmoja lazima mwanamke, muulize yeye wazazi wengine wako wapi maana wengi wanafichwa na aibu. PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, pia imetengea walemavu asilimia 10, lakini ile milioni 1 ni mkopo, utarudisha.

Shule wamekosea, sheria ya walemavu ya 2020 inakataza kumbagua mwanafunzi sababu ya ulemavu. Rudi na mwenyekiti wa LC1, yule wa kijiji, wakigoma nenda kwa ofisa elimu wa wilaya.

Kiuno sasa. Mpeleke mtoto kwa fizio, mtaalamu wa viungo, hospitali, mwambie akupimie kiti chake, urefu wa paja, upana wa nyonga, mkanda upite wapi. Katalemwa, kituo cha watoto walemavu kule Kampala, wanatengeneza, ila nauli ikishinda, fundi seremala wa mtaani akipewa hivyo vipimo anaweza kukichonga, na meza ndogo mbele ya kuwekea sahani.