Barua kwa mwanangu: kuhusu kinanda cha mjukuu wangu

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Umeniuliza kama mwanao, kwa kuwa anapiga kinanda kwa kusikia tu, amezaliwa na kipaji kama Mozart, yule mtunzi mashuhuri wa muziki, na kama umtafutie mwalimu wa kulipwa angali na miaka mitano.

Huyo Wolfgang Mozart alizaliwa Salzburg, mji ulio Austria ya leo, mwaka 1756, mtoto wa saba. Watano walikufa wachanga, akabaki yeye na dada yake Maria Anna, aliyemtangulia kwa miaka minne na nusu. Baba yao, Leopold, alikuwa mpiga fidla wa askofu mkuu, na mwaka uleule alichapisha kitabu cha kufundishia fidla. Sasa hapo utasema ni kipaji au ni nyumba? Aliyeanza kufundishwa ni dada. Mdogo, wa miaka mitatu hivi, alikuwa akisikiliza, kisha anakiendea kinanda mwenyewe kutafuta sauti mbili zinazopatana. Sikio hutangulia mkono, nimewaimbia hivyo tangu mko wadogo.

Leopold aliandika katika daftari la binti yake kwamba Wolfgang alijifunza kipande fulani tarehe 24 Januari 1761, siku tatu kabla hajatimiza miaka mitano, kati ya saa tatu na saa tatu na nusu usiku. Watu hushangaa hiyo nusu saa. Mimi nashangaa usiku. Mtoto wa miaka minne, saa tatu, hajalala? Ingawa pengine ni yeye aliyekataa kulala. Nawe ulikuwa hulali siku za mazoezi ya kwaya ya Krismasi, na nilikuacha.

Kisha wakazungushwa Ulaya, Paris, London, wote wawili wakipiga mbele ya wafalme. London mwaka 1764 baba aliugua, kinanda kikakatazwa nyumbani, mvulana wa miaka minane akatunga simfonia yake ya kwanza, yaani muziki mrefu wa kupigwa na okestra nzima, huku dada akikaa kando akinakili. Mwaka 1769 baba akaenda na mvulana Italia. Binti, miaka 18, akaachwa nyumbani na mama yake. Naye alikuwa akitunga, maana mdogo wake alimwandikia kutoka huko akiusifu wimbo wake. Hakuna hata mmoja uliobaki.

Unakijua kile kinanda cha kukanyaga cha babu yako. Mjomba wako alipofundishwa, mimi nilifagia sebule polepole ili nisimalize kabla ya somo. Jumapili moja alikwama katikati ya wimbo, kanisa zima likanyamaza. Niliinuka nikaketi pale nikaumalizia, na watu wakaimba kwa nguvu! Babu yako hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani: "Mwachie mwenzako kazi yake." Simlaumu, alikuwa na ada ya mtoto mmoja tu. Lakini angeuliza, jamani. Sikio hutangulia mkono, na sikio langu lilikuwa palepale, na ufagio.

Kuhusu mwalimu, sitaamua. Baba wa mtoto yupo, na mkwe wangu ana akili kuliko anavyojionyesha. Ukinibana nitasema mtafute, mradi asije saa tatu usiku. Lakini umeandika kurasa mbili juu ya mvulana, na dada yake hukumtaja. Yeye huwa wapi mdogo wake akipiga?

Mama yako