Chupa za Port zinazotamaniwa, na mambo ya kujua kabla hujazishika

Mdogo wangu unayeanza kazi ya mvinyo, iwe mezani hotelini au dukani, majina haya ya Port, mvinyo mtamu wa Ureno ulioongezwa pombe kali, utayasikia mapema, kila moja likiwa na mtengenezaji na mwaka wa mavuno: Quinta do Noval Nacional ya 1931, Taylor ya 1945, Fonseca ya 1948, Graham ya 1963. Wapenzi wa Port wakikutana, mazungumzo huishia huko. Nani ameonja ipi, nani bado anaitafuta. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usianze kwa kukariri. Kila mwaka unaotajwa una sababu ya kutajwa. Ukiishika sababu, majina yatakaa kichwani yenyewe, na mteja atakapokuuliza kwa nini chupa moja ina bei ya gari utakuwa na jibu.

Port hutoka Bonde la Douro, kaskazini mwa Ureno, eneo lililowekewa mipaka rasmi mwaka 1756 chini ya Marquês de Pombal. Maji ya zabibu yakiwa bado yanachachuka, na karibu nusu ya sukari ingali imo, humiminiwa pombe kali ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77. Hamira hufa, utamu hubaki, na mvinyo hutulia kwenye asilimia 20 hivi. Hadi hapo ni Port ya kawaida. Vinteji ni daraja la juu yake: zabibu bora za mavuno ya mwaka mmoja tu, mvinyo ukae mapipani miaka kama miwili, kisha utiwe chupani bila kuchujwa, uzeekee humo miaka ishirini, arobaini, pengine themanini.

Lakini si kila mwaka hutoa vinteji, na hili ndilo ningependa ulielewe kuliko yote. Kampuni huonja mvinyo wake, hungoja, huonja tena, na mwaka wa pili baada ya mavuno huamua kama itautangaza mwaka huo kuwa wa vinteji au itauruka. Kampuni kadhaa zenye asili ya Uingereza hupenda kutangaza tarehe 23 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu George. Sampuli hupelekwa IVDP, taasisi ya serikali inayosimamia Port, ikaonjwe na kuidhinishwa. Kwa muongo mmoja miaka ya kutangazwa huwa kama mitatu. Kwa hiyo ukishika chupa ya vinteji umeshika uamuzi wa watu walioweka jina lao rehani kwa mvinyo ambao huenda wasiishi kuunywa ukiwa umekomaa.

Chukua 1931. Hali ya hewa ilikuwa nzuri mno na mvinyo ukatoka wa ajabu, ila karibu kampuni zote kubwa hazikuutangaza. Maghala ya wateja wa Uingereza yalikuwa bado yamejaa Port ya 1927, nao uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, nani angenunua? Quinta do Noval ikatangaza. Mwaka huohuo ikautenga kando mvinyo wa kipande kidogo cha shamba lake, kama hekta mbili, kiitwacho Nacional. Kipande hiki kina jambo lake. Katika karne ya 19 mdudu filoksera aliila mizizi ya mizabibu ya Ulaya, na tangu hapo karibu mizabibu yote ya Douro hubebeshwa juu ya mashina ya asili ya Marekani ambayo mdudu huyo hayawezi. Ya Nacional husimama kwenye mizizi yake yenyewe. Huzaa kidogo sana, mvinyo wake ni mzito na mweusi, na chupa zinazotoka ni chache hata katika mwaka mzuri. Unganisha mambo hayo: mwaka bora ambao wengine waliuruka, shamba dogo, mizizi ya asili. Ndiyo maana mtu aliyeonja vinteji nyingine zote za karne ile bado atakuambia hajamaliza.

Mingine nitaipitia haraka. 1945 ulikuwa mwaka wa joto na mavuno haba, na vita ilikuwa imekwisha. Taylor, Graham na Croft za mwaka huo bado zinaheshimiwa. 1948 ulitangazwa na wachache, wakiwemo Fonseca, Taylor na Graham, nao wakafanikiwa kupita kiasi. 1963 ulitangazwa na karibu wote, na kwangu ndio mwaka wa kuanzia kwa anayetaka kujua vinteji iliyokomaa ilivyo, kwa sababu chupa zake bado zinapatikana minadani. Usiudharau 1970; kwa muda mrefu uliishi kwenye kivuli cha 1963, na mimi naupenda zaidi. Ya 1994, Taylor na Fonseca zilipewa alama 100 na jarida la Wine Spectator na kushika pamoja nafasi ya mvinyo wa mwaka. Halafu 2011, kisha 2016 na 2017, miaka miwili mfululizo iliyotangazwa na kampuni nyingi kwa mkupuo, jambo lililowashangaza hata wakongwe.

Sasa kazi ya mikono, maana hapa ndipo mgeni huiharibu chupa aliyoitunza mtu kwa nusu karne.

Vinteji haikuchujwa, kwa hiyo hujenga mashapo mazito ubavuni mwa chupa. Chupa nyingi za zamani zina doa la chokaa nyeupe upande mmoja. Si uchafu, usilifute: linaonyesha upande uliokuwa juu chupa ilipolazwa ghalani. Ukiihamisha, ilaze doa likiwa juu vilevile. Siku moja kabla ya kuifungua, isimamishe wima na uiache, mashapo yashuke kitakoni. Usishangae pia ukikuta chupa haina lebo ya karatasi. Hadi vinteji ya 1970 mvinyo uliweza kusafirishwa ndani ya mapipa na kutiwa chupani Uingereza na wafanyabiashara wa huko, na zipo nyingi ambazo utambulisho wake ni lakiri ya mdomoni na maandishi yaliyochomwa kwenye kizibo. Kwa hiyo kizibo usikitupe kamwe. Kiweke kwenye kisahani mbele ya mteja. Tazama pia mvinyo umefika wapi: ukiwa shingoni ni vizuri, ukiwa umeshuka chini ya bega la chupa uliza maswali kabla ya kununua.

Kizibo cha miaka hamsini huwa laini na hukatikakatika. Tumia kizibuo cha vyuma viwili bapa, ukivididimiza pembeni mwa kizibo kidogokidogo, kimoja kisha kingine, halafu zungusha huku ukivuta. Kwa chupa kongwe kabisa wapo wanaotumia koleo: hupashwa moto hadi liwe jekundu, hubanwa shingoni chini ya kizibo kwa kama dakika moja, kisha hapohapo huguswa kwa kitambaa chenye maji baridi, na kioo hukatika pamoja na kizibo ndani yake. Usilijaribu bila mtu anayelijua kukusimamia.

Unapomimina kwenye dekanta, yaani chombo cha kioo cha kuhamishia mvinyo ukiacha mashapo nyuma, weka mshumaa au tochi chini ya shingo ya chupa na umimine kwa mkono mmoja usiotetereka, bila kusimama katikati. Utauona mvinyo ukipita safi, mwekundu wa tofali, mpaka uzi mweusi uanze kutambaa kuelekea begani. Simama hapo. Utabakiza kama glasi moja chupani, na mteja akiuliza, mweleze. Dekanta ioshwe kwa maji matupu, sabuni huacha harufu. Mvinyo upelekwe mezani kwenye nyuzijoto 16 hadi 18, glasi ndogo. Wa zamani sana unywewe jioni ileile. Mvinyo ulio mchanga bado, kama wa 2011, hufaidika na saa kadhaa za hewa.

Na wewe mwenyewe, uonje nini ukiwa na mshahara wa kuanzia? Katika miaka isiyotangazwa, kampuni nyingi hutoa vinteji ya shamba moja: Quinta de Vargellas ya Taylor, Quinta dos Malvedos ya Graham, Quinta do Bomfim ya Dow. Ni mashamba yaleyale yanayotoa uti wa mgongo wa vinteji kubwa, mikono ileile, bei nafuu zaidi, na hukomaa mapema. Changeni fedha na wenzako kazini mnunue Vargellas na Malvedos za mwaka mmoja, tuseme 2012, mzionje sambamba. Andika unachokinusa kwa maneno yako, iwe zambarau, tini kavu au pilipili manga. Zibakizie kidogo, muonje tena kesho yake jioni muone ipi imefunguka na ipi imechoka.